Matundu Thelathini na Mbili

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mikono yangu nimeirithi kwa baba. Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Kibanda chake kilikuwa Majengo, kwenye kona yenye mafuta meusi ardhini ambayo hata mvua ya masika haikuyaondoa, na sifa yake kubwa ilikuwa magurudumu. Kuziba pancha na kukaza breki ni kazi ya fundi yeyote. Kusuka gurudumu ni jambo jingine: unapewa habu tupu ya katikati, rimu tupu ya nje, na rundo la spoku, nawe uviunganishe mpaka vizunguke bila kuyumba. Wachukuzi wa mikate walitoka Changamwe na Kisauni kumfuata baba kwa ajili hiyo tu. Siku ya hitima yake, tulipokuwa tukimsomea Kurani baada ya mazishi, wanaume watatu ambao sikuwahi kuwaona walinijia wakaniambia kwamba bado wanatembelea magurudumu yake.

Nilibaki na sanduku lake la spana. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, karibu na Mbaraki, na nyumba yangu iko Ganjoni, kwenye ghorofa ya tatu. Nilianza kwa kuitengeneza baiskeli yangu mwenyewe ya kwendea kazini, kisha ya mwenzangu wa ofisini, kisha ya jirani. Siku hizi baiskeli za mitumba ni nyingi, na hakuna iliyo kamili. Moja ina fremu nzuri na kiti kilichooza, nyingine ina kiti cha ngozi juu ya fremu iliyopasuka. Mimi huchukua kizuri cha hii nikakitia kwenye ile. Watu wakistaajabu kuona mwanamke ameshika spana, jibu langu lilikuwa lile lile: mikono ya baba.

Mwaka juzi niliamua kujitengenezea baiskeli ya safari. Nilitaka kwenda Malindi na mizigo yangu, na kulala Kilifi njiani, pamoja na wenzangu wawili wa kazini. Fremu niliipata Majengo, ya chuma, ya kijani iliyochubuka. Foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ilitoka kwenye baiskeli nyingine kabisa. Usukani ulikuwa wa baiskeli ya kike ya zamani, uliopinda kurudi nyuma, kwa sababu mgongo wangu haupendi kuinama. Keria mbili za mizigo, ya mbele na ya nyuma, nilichomelewa na fundi wa Liwatoni ambaye kazi yake hasa ni vyuma vya boti. Alinicheka, lakini alizichomelea kana kwamba zingekaa baharini.

Likabaki gurudumu la nyuma, lenye kubeba uzito wote. Magurudumu yaliyokuwa sokoni hayakunipendeza. Nikapata habu moja nzuri sana, ukiizungusha kwa kidole huisikii. Kisha nikapata rimu ya alumini, nene, isiyo na hata alama ya jiwe. Nikasema, hili nitalisuka mwenyewe. Sikuwa nimewahi kusuka gurudumu, ila nilikuwa binti wa baba yangu.

Jumamosi nilibeba kila kitu nikaenda kwa mama, Kibokoni. Nyumba yetu ile ya Mji wa Kale ina ua wa ndani wenye sakafu laini, na nyumbani kwangu Ganjoni spoku ikianguka hutoka kwenye roshani ikaangukia kichwa cha mtu. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka akishona kofia, kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote. Ni zile kofia za mkono, zenye mamia ya vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Ana miaka sabini na miwili. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikatandaza gunia langu, nikaanza.

Nilifanya kazi kwa muda wa saa nzima. Nilitia spoku, nikazitoa, nikazitia tena. Kila mara nilipofika karibu na mwisho nilikuta matundu ya habu yamebaki na ya rimu yamekwisha. Nilidhani nimekosea kupishanisha. Nilianza kuzungumza na spoku kwa sauti, na si maneno mazuri.

"Hazitaingia hizo," mama akasema, bila kuinua kichwa.

"Zitaingia tu, mama. Nimekosea mahali."

"Hujakosea. Hiyo habu ina matundu thelathini na sita. Rimu ina thelathini na mbili. Wafanya kazi na vitu visivyolingana, na hukuhesabu."

Nilihesabu. Thelathini na sita. Thelathini na mbili.

Nilimtazama. Mama yangu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona akigusa baiskeli. Hajui kupanda. Baba alipokuwa akirudi na mafuta mikononi alikuwa akimwambia asiguse mapazia. Na hapo alipoketi palikuwa umbali wa hatua tano, na macho yake ya miaka sabini na miwili yalikuwa kwenye kofia.

"Umejuaje?"

"Yaonekana," alisema.

Nikasema basi, itabidi nitafute rimu nyingine. Mama aliichomeka sindano yake kwenye kitambaa, akaivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Rimu nzuri hiyo. Waitupia nini? Nipa hapa."

Nilimpa. Sijui kwa nini nilimpa; nadhani nilitaka kuona mzaha utakapoishia. Mama aliilaza rimu mapajani. Akaichukua habu, akaizungusha mara moja sikioni mwake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua chaki ya cherehani akatia alama kwenye matundu manne ya habu, mawili upande huu, mawili upande wa pili. "Haya yatakaa bure," alisema. Akaanza kutia spoku.

Nataka nieleze nilichokiona, kwa sababu mpaka leo nikikikumbuka mwili hunisisimka. Vidole vyake havikutafuta. Spoku ya kwanza ilikwenda mahali pake, ya pili ikaruka matundu, ya tatu, ya nne, zote za upande mmoja, halafu akaigeuza rimu kwa goti kama mtu anavyougeuza ungo wa mchele, akaanza upande wa pili. Alizipitisha spoku chini ya nyingine bila kuzipinda. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kimya, vile vile inavyohesabu matundu ya kofia. Mahali fulani akasimama, akapima kwa uzi, akasema, "Nane kati ya hizi ni fupi. Utakwenda kuninunulia ndefu kidogo, urefu wa ukucha huu." Akanionyesha ukucha.

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi.

"Mama," nilisema. "Nani kakufunza?"

"Hakunifunza mtu."

"Mama."

"Keti chini," alisema. "Wanizibia mwanga."

Niliketi. Akanieleza huku akiendelea na kazi, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza bei ya mchele.

Baba alipomwoa alikuwa ndiyo kwanza amefungua kibanda. Alijua kila kitu cha baiskeli isipokuwa kusuka gurudumu. Alilijaribu mara nyingi likamshinda. Alikuwa akifika katikati, hesabu inampotea, analifumua lote. Siku moja alilileta nyumbani ndani ya gunia, pamoja na gurudumu zima la kuigizia, ili wenzake wa Majengo wasimwone akihangaika. Alihangaika nalo uani mchana kutwa. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa aliliacha akaenda msikitini. Mama alikuwa na miezi minne tangu aolewe. Aliweka kofia yake chini akalitazama lile gurudumu zima, akaona ni matundu tu yanayopishana, akalichukua lile jingine.

"Aliporudi kutoka msikitini lilikuwa tayari," alisema. "Baba yako aliketi hapo, hapo ulipo wewe. Alilizungusha, akalizungusha, akanitazama kama aliyeona jini."

Tangu siku hiyo mpaka macho ya baba yalipoanza kuingia mtoto wa jicho akafunga kibanda, magurudumu yote yalisukwa pale uani. Yalikuja ndani ya magunia asubuhi na kuondoka ndani ya magunia. Mama aliyasuka baada ya adhuhuri, sisi watoto tukiwa chuoni tukisoma Kurani. Kule kibandani baba alikaza breki na kunyoosha foki, na watu walimsifu kwa kitu ambacho hakukifanya.

Niliuliza, "Yote?"

"Mawili matatu alijaribu mwenyewe. Yalirudi."

Niliwaza wale wanaume watatu wa hitima. Niliwaza mdomo wangu mwenyewe ukisema mikono ya baba, mikono ya baba, miaka yote, mara nyingine mbele ya mama, naye akiwa kimya na kofia yake. Kisha nikakasirika. Nilimwambia baba alikuwa amemdhulumu. Nilimwambia alipaswa kusema.

Mama aliacha kuhesabu.

"Alisema," alijibu.

"Alimwambia nani?"

"Aliwaambia wote. Mimi ndiye nisiyetaka, kwa ajili ya kaka zangu. Wangesema mume wangu anifanyisha kazi za karakana. Lakini yeye ilimkereketa. Siku moja alikuja mchukuzi wa mikate, akalisifu gurudumu mbele ya watu, akamwambia baba yako hakuna mkono kama wako pwani nzima. Baba yako akasema, hili si mkono wangu, hili kalisuka mke wangu. Wakacheka. Mmoja akamuuliza, na nyumbani maandazi apika nani, wewe? Akasema tena, wallahi nawaambia. Wakazidi kucheka. Mpaka mwisho akacheka na yeye."

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshakumbuka. Lilinijia lote kwa mara moja, kama mlango uliosukumwa. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Ilikuwa likizo, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibanda na chupa ya soda. Nilimkumbuka yule mchukuzi na shati lake jeupe kwa unga. Nilimkumbuka baba, uso wake ukiwa mzito kabisa, akisema "hili kalisuka mke wangu". Na nilimkumbuka mtoto aliyecheka mpaka soda ikamtokea puani, watu wakamcheka na yeye, baba akamfuta kwa kitambaa chake cha mafuta.

Nilimwambia mama, "Mimi nilikuwepo."

"Najua," alisema. "Aliniambia. Alirudi siku hiyo akasema, hata mtoto wako kacheka."

Alisema hivyo tu, akairudia kazi yake. Hakulisema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Nilikaa juu ya mkeka ule, mwanamke mwenye mvi. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akinitazama akijua. Alinipikia, akanisomesha kwa kofia zake, akanivalisha siku ya harusi yangu, akijua.

Mwishowe nilisema, "Nisamehe."

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Nishikia hapa, usiiachie."

Nikamshikia.

Jumatatu nilinunua spoku nane ndefu, na Jumamosi iliyofuata alimaliza. Aliigeuza fremu miguu juu, akafunga kipande cha chaki kwenye chuma karibu na rimu, akalizungusha gurudumu polepole. Mahali palipoguswa na chaki ndipo palipoyumba, na hapo alikaza spoku au kulegeza kwa kispana kidogo alichokitoa, si kwenye sanduku la baba, bali kwenye kopo lake la nyuzi. Kilikuwa ndani ya kopo lile miaka yote. Nilikuwa nimelifungua mara elfu kutafuta sindano, na kama nilikiona, nilidhani ni kitu cha cherehani. Kisha alizipiga spoku kwa kucha, moja baada ya moja, akisikiliza. Ilipofika moja yenye sauti ya chini alisema, "Wewe umelala," akaikaza.

Nilimwomba anifunze kwa gurudumu la mbele. Hilo lilikuwa na habu na rimu zilizolingana, kazi rahisi kuliko zote, alisema. Nilikwenda Jumamosi nne mfululizo. Ninaweza kuunganisha breki za baiskeli tatu tofauti zikashika kama mpya. Ninaweza kukata cheni na kuiunga macho nimefumba. Lakini kwenye gurudumu lile, kila nilipofika katikati, kitu kilinipotea. Nilipishanisha juu palipotaka chini, na gurudumu likatoka kama samaki aliyekaushwa vibaya. Mara ya nne mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Hivi hasa," alisema, akijifuta machozi. "Hivi hasa ndivyo alivyokuwa yeye. Hata ulimi, autoa nje hivyo hivyo."

Basi ndicho nilichorithi. Nilishtuka kuliko nilivyocheka, ingawa nilicheka pia. Gurudumu la mbele alilisuka yeye, muda wa mchuzi kuiva.

Tulikwenda Malindi. Niliwaamini sana wale wachukuzi wa mikate siku ile, kwa sababu keria ya nyuma ilikuwa na mahema yetu mawili, sufuria na maji, na mlima wa Mtwapa tuliupanda gurudumu likiwa kimya. Baada ya Kilifi lami ilikuwa imekatika mahali, mwenzangu mmoja akavunja spoku tatu kwenye shimo lile lile nililolipita mimi. Nilisimama kuliangalia langu. Halikuyumba. Nilisikia fahari na aibu kwa pamoja, na sikuwa na wa kumweleza pale kando ya barabara.

Tuliporudi nilipitia Kibokoni kabla ya kwenda kwangu. Mama alifungua mlango, nami nikainama nimbusu mkono, lakini alikuwa ameshanipita. Alilinyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akapiga spoku kwa kucha.

"Ulipakia mzigo upande wa kushoto," alisema.

"Kidogo tu."

"Si kidogo. Ingia ule."

Wiki hiyo nilikwenda Majengo kununua pedali kwa mzee mmoja mwenye karakana, aliyekuwa rafiki wa baba tangu ujana wao. Aliiona baiskeli, akaacha alichokuwa akifanya. Alilitazama lile gurudumu lenye matundu manne matupu, akalizungusha, akachuchumaa.

"Hili la marehemu," alisema. "Alikuwa ameliweka wapi miaka yote?"

Nilimwambia baba hakuwahi kuliona. Nilimwambia limesukwa mwezi uliopita, na kwamba limesukwa na mama, na yale mengine yote pia. Nilisema pole pole ili nisisikike kama mtu anayefanya mzaha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kicheko.

Hakucheka. Alibaki amechuchumaa, mkono kwenye tairi, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo.

"Siku ile," alisema. "Siku ya yule mtu wa mikate. Mimi ndiye niliyemuuliza nani apika maandazi."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na gurudumu lililopinda, la baiskeli ya mteja ambaye alikuwa amemsumbua wiki mbili. Akaniuliza kama mama angekubali kulitazama. Nilikataa kulibeba. Nilimwambia kwanza niulize.

Mama alisikiliza, akaukata uzi kwa meno.

"Kama ataka, na aje nalo mwenyewe," alisema. "Aje kwa mlango wa mbele, na asilitie guniani."

Alikuja Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu, gurudumu begani, wazi, akipita mbele ya maduka yote ya mtaa. Nilikuwepo. Walisalimiana kwa kirefu, kama kawaida: habari za afya, za watoto, za marehemu, Mungu amrehemu. Alitaka kusema jambo. Nilimwona akilianza mara mbili na kulimeza. Mama alimkaribisha chai, akaliweka gurudumu mapajani juu ya leso yake, akalizungusha.

"Nani kalisuka hili?" aliuliza.

"Mimi," mzee alisema.

"Umelianza vibaya," mama alisema, akaanza kuzifungua spoku, moja moja, akizipanga juu ya mkeka baina yao. Mzee alisogea karibu, akainamisha kichwa, akatazama.